Mkomamanga kwenye ndoo: kinachowezekana na kisichowezekana Ngara na Biharamulo

Mkazi wa Ngara mjini, Kabanga, Benaco au Biharamulo mjini akitaka kupanda mkomamanga nyumbani atapewa ushauri wa aina tatu unaogongana. Muuza miche atamwambia auweke kwenye ndoo: mche ni wa kubebeshwa, utazaa baada ya miezi michache. Bwana shamba, au jirani mwenye uzoefu, atamwambia aachane na ndoo achimbe shimo. Wa tatu atamshauri asihangaike kabisa, kwa kuwa komamanga ni tunda la pwani na la Uarabuni, na kwenye mvua na ubaridi wa huku halifiki popote.

Kila mmoja ana ushahidi wake. Wa kwanza ataonyesha mche uliochanua, wa pili mti ulioshiba majani, wa tatu ndoo yenye kijiti kikavu. Ushahidi wote ni wa kweli, na ndiyo maana watu wanachanganyikiwa. Tatizo ni kwamba mjadala umekwama kwenye chombo, ndoo au shimo, wakati kinachoamua mavuno ni maji: yanafika lini kwenye mizizi, na ni nani mwenye amri ya kuyaleta na kuyazuia.

Tunda linalojulikana zaidi kwa jina

Wengi katika wilaya hizi mbili wamelisikia komamanga kanisani kabla ya kuliona sokoni. Kumbukumbu la Torati 8:8 inalitaja miongoni mwa mazao ya nchi ya ahadi, pamoja na ngano, shayiri, zabibu, tini na zeituni. Qurani nayo inalitaja mara tatu, mbili katika sura ya Al-An'am na moja katika Ar-Rahman. Asili yake ni ukanda unaoanzia Iran hadi kaskazini mwa India. Pwani yetu na Zanzibar zililipata kutokana na mawasiliano ya kale na Uajemi na Uarabuni, na huko mkomamanga uani ni mti wa kawaida. Uani kwa Ngara kuna migomba, kahawa, parachichi na mipapai. Ukishuka Biharamulo unaongeza mihogo na mahindi. Mkomamanga ni mgeni.

Kinachomfanya mgeni huyu atafutwe siku hizi ni afya, hasa sifa ya kuongeza damu. Sifa hiyo imezidishwa. Gramu 100 za punje za komamanga zina madini ya chuma yasiyofika hata nusu miligramu. Sahani ya maharage, ambayo Ngara haijawahi kukosa, inayazidi mara kadhaa. Komamanga lina nyuzinyuzi, lina vitamini C kiasi, na ni tamu. Hiyo inatosha kuwa sababu ya kulipanda. Jambo moja lisichukuliwe kwa mzaha: magamba ya mizizi na ya shina, ambayo zamani yalitumika kama dawa ya tegu, yana sumu, na kuyachemshia mtoto ni hatari.

Urefu wa vilima haujawahi kuwa tatizo

Hoja ya kwamba nyanda za juu hazifai inavunjwa na Oman yenyewe. Makomamanga yenye jina kubwa kuliko yote nchini humo yanatoka Jabal al-Akhdar, kwenye matuta ya kilimo yaliyo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Vilima vya Ngara vinafika mita 1,800 hivi, na sehemu kubwa ya Biharamulo iko chini kidogo na ina joto zaidi. Kama urefu ungekuwa kizuizi, Waomani wangekuwa wameng'oa miti yao zamani.

Tofauti iko kwenye mvua. Jabal al-Akhdar hupata karibu milimita 300 kwa mwaka, na maji ya mimea huletwa kwa mifereji, kwa kipimo na kwa zamu. Ngara na Biharamulo hupata takriban milimita 1,000, zaidi au pungufu kulingana na mahali, katika vipindi viwili: vuli inayoanza Septemba au Oktoba hadi Desemba, kisha, baada ya pumziko fupi la Januari na Februari, masika hadi Mei. Juni, Julai na Agosti ni kiangazi.

Sasa fuata mwenendo wa mti ulioachwa ujiongoze. Kiangazi kinaunyima maji, unapumzika. Vuli inafika, unachipua na kuchanua kwa wingi. Tunda la komamanga huhitaji kati ya miezi mitano na saba tangu ua hadi kuiva. Hesabu kutoka Oktoba: unafika Machi, Aprili au Mei, masika yakiwa yamepamba moto. Hapo ganda limeshakomaa na kupoteza uwezo wa kutanuka. Mvua kubwa ikinyesha baada ya siku kadhaa za jua, punje ndani zinafyonza maji na kuvimba, ganda linashindwa kuzifuata, linapasuka. Siku ya pili sisimizi wameshaingia, baada ya hapo kuvu. Anayekuta hali hiyo husema udongo umekataa au mche ulikuwa mbovu, na kumbe mti umefanya kazi yake yote isipokuwa kuchagua tarehe.

Ubaridi wa Ngara una athari, lakini ndogo: unachelewesha kuiva na unaweza kupunguza utamu. Ni jambo la kuingizwa kwenye kalenda, wala si sababu ya kukata tamaa.

Madai ya wauza miche

Katika hoja ya wauza miche kuna ukweli mmoja na upotoshaji wa namna mbili. Ukweli ni kwamba mkomamanga unavumilia chombo kuliko miti mingi ya matunda. Ni kichaka, mizizi yake haihitaji kina kikubwa, unakubali kupogolewa, na ukisahauliwa siku mbili haufi. Ipo hata aina fupi, Nana, isiyozidi mita moja hivi, inayopandwa kwenye vyungu duniani kote. Ila Nana ni ya urembo: maua mengi, matunda madogo yasiyo na mvuto mezani. Mtu akiuziwa mche mdogo wenye maua tele na kuahidiwa matunda ya ukubwa wa ngumi, aulize ni aina gani.

Upotoshaji wa kwanza ni bei ya kubebeshwa. Kwa embe au parachichi, kubebesha kuna maana kubwa na mkulima anastahili kulipia. Kwa mkomamanga, wakulima wakubwa wa dunia, kuanzia Maharashtra nchini India hadi California, huzidisha miche bila kubebesha, mara nyingi kwa vipandikizi: kijiti kilichokomaa, unene wa penseli, urefu wa sentimita 20 hadi 25, theluthi mbili zake zikiwa ardhini. Aina ya Bhagwa inayouzwa kwa wingi kutoka India haihitaji shina la kuazima. Mwenye mti mzuri Biharamulo anaweza kumpa jirani vijiti vitano bure, na kila kimoja kitakuwa na sifa zile zile za mama yake. Mbegu ndizo za kuepuka: mche wa mbegu huenda ukazaa tunda chachu lenye kokwa ngumu hata kama tunda lililoliwa lilikuwa asali, na utamsubirisha mwenye nyumba miaka mitatu au zaidi kabla hajajua.

Upotoshaji wa pili ni ule wa miezi michache. Kipandikizi kizuri huanza kuzaa mwaka wa pili au wa tatu. Mche uliochanua ukiwa bado kwenye kiriba haudanganyi, unachanua kweli, lakini maua hayo hayana mahali pa kwenda.

Hapa inafaa kuliangalia ua kwa karibu, maana malalamiko ya kwamba maua yote yanadondoka ndiyo mengi kuliko yote. Okota ua lililoanguka, ligeuze, utazame kitako chake. Mkomamanga huwa na maua ya namna mbili kwenye tawi moja. Moja lina kitako kilichotuna kama mtungi mdogo, na ukilipasua kwa ukucha utaona kijiti cha katikati, kile kinachopokea chavua, kimefika usawa wa vikonyo vya chavua au kuvipita. Hilo ndilo linaloweza kuwa tunda. La pili limechongoka kitakoni kama kengele, na kijiti chake ni kifupi, kimezama chini. Hilo ni dume, litaanguka hata ukilifanyia nini. Mti mchanga, mti wenye njaa au ulio kivulini hutoa madume mengi. Kwa hiyo kudondoka kwa maua ya kengele si ugonjwa, na dawa inayouzwa kuyazuia ni hasara tupu. Kama maua ya mtungi ndiyo yanayoanguka, hapo kuna la kuchunguza: maji yamekatika ghafla, samadi imezidi, au nyuki hawafiki. Kwenye baraza iliyofunikwa, unyoya wa kuku ukipitishwa kutoka ua hadi ua asubuhi unatosha kufanya kazi ya nyuki.

Hoja ya shimo

Wanaotetea ardhi wana hoja nzito, na ingekuwa haki kusema ndiyo inayowafaa watu wengi zaidi. Mti ulio ardhini hujitafutia maji wakati wa kiangazi. Ukiwekewa matandazo ya nyasi, kama wakulima wa huku wanavyofanya kwenye migomba, kuanzia mwaka wa pili hauhitaji ndoo ya mtu. Hauhamishwi, haubadilishiwi udongo, na ukifikia utu uzima unabeba matunda kwa makumi, kiasi ambacho chungu hakitafikia kamwe. Miteremko ya Ngara nayo inasaidia kwa kuwa maji hayatuami.

Udhaifu wake ni ule uliokwisha kutajwa: huwezi kuiambia mvua isubiri. Kuna nafuu kidogo. Katika ukanda wetu wa tropiki mkomamanga haupukutishi majani yote na huchanua zaidi ya mara moja kwa mwaka. Mwenye subira anaweza kuyapunguza maua ya Oktoba na kuyaachia yale ya Februari na Machi, ili tunda liive kiangazini. Ni kazi ya mikono inayohitaji moyo, kwa sababu unang'oa maua mazuri kwa ahadi ya mengine. Upande wa ukuta usiopigwa na mvua, au tuta lililoinuliwa, navyo vinapunguza makali.

Udhaifu mwingine hauhusiani na mmea. Miji midogo ya njia kuu, Benaco, Nyakanazi, Kabanga, imejaa wapangaji. Mwalimu, muuguzi au askari anayeweza kuhamishwa wakati wowote hana sababu ya kuchimba shimo kwenye uwanja wa mtu. Na palipo na mbuzi wanaozurura, mche wa ardhini usio na uzio una maisha mafupi.

Wanaosema tuachane nalo

Hoja hii inadharauliwa kuliko inavyostahili. Anayesema hivyo analinganisha, na kwa ulinganisho wake parachichi, papai na pasheni vinampa mkulima wa mkoa huu wa Kagera chakula kingi zaidi kwa jasho dogo zaidi. Pia anakumbuka magonjwa. Mnyauko wa migomba uliingia Kagera mwaka 2006 baada ya kuanzia Uganda mwaka 2001, na ulienea kwa sehemu kubwa kupitia visu na machipukizi yaliyohamishwa bila uangalizi. Mkomamanga hauugui ugonjwa huo, lakini udongo wa kiriba na matawi yanayopitishwa kimya kimya mipakani Rusumo au Kabanga yanaweza kubeba mengine. Sheria inataka mimea inayovuka mpaka ikaguliwe na iwe na cheti. Anayenunua mche usiojulikana ulikotoka anayahatarisha mazao ya jirani kwa ajili ya tunda la kujifurahisha.

Pale hoja hii inapokosea ni kuchukulia kwamba kila mmea wa nyumbani lazima ushindane na mgomba. Nafasi ya mita moja ya saruji mbele ya chumba cha kupanga haina mgomba wa kushindana nao.

Chungu kama mamlaka juu ya mvua

Hapa ndipo ndoo inapopata sababu yake ya kweli, na si ile inayotajwa na wauzaji. Faida ya chombo katika wilaya hizi si kuokoa nafasi wala kuharakisha matunda. Ni kwamba chombo kilicho chini ya upenu kinampa mwenyewe amri juu ya maji.

Wahindi wa Maharashtra, walio katika tropiki na wenye mvua za msimu, wamelijengea jambo hili utaratibu unaoitwa bahar. Mti unanyimwa maji kwa makusudi hadi majani yawe manjano na kuanza kupukutika. Kisha unapogolewa kidogo, unapewa mbolea, unanyweshwa sawasawa, nao unachanua kwa pamoja. Mkulima huchagua msimu wa kuchanua kulingana na msimu anaotaka kuvuna. Jambo hili si geni kwetu: wakulima wa zabibu wa Dodoma huamua kwa kisu cha kupogolea mzabibu uzae lini, na ndivyo wanavyopata mavuno mawili kwa mwaka.

Kwa Biharamulo, kalenda inayoeleweka ni hii. Katikati ya Desemba chombo kinahamishiwa pasipofikiwa na mvua na maji yanapunguzwa hadi glasi chache kwa wiki. Kukausha kabisa si salama, kwani udongo wa ndoo hukauka haraka kuliko wa shamba. Baada ya wiki tatu au nne majani yakishachoka, matawi dhaifu na maotea ya chini yanakatwa, udongo wa juu unaondolewa na kuwekwa samadi iliyooza, na maji yanarudishwa. Maua hutarajiwa wiki nne hadi sita baadaye, ndani ya Februari. Masika yanapita mmea ukiwa chini ya paa, tunda linakua Juni na Julai, na linaiva Agosti au Septemba kabla vuli haijakolea. Ngara, kwa sababu ya ubaridi, ianze mapema zaidi, mwanzoni mwa Desemba au hata mwishoni mwa Novemba, ili ucheleweshaji wa kuiva usiisukume siku ya kuvuna hadi Oktoba.

Kuna mgongano hapa ambao wachache huutaja. Upenu unaozuia mvua huzuia pia jua, na mkomamanga unahitaji jua la saa sita au zaidi kwa siku. Ukuta wa mashariki au wa magharibi hupata nusu siku tu. Katika latitudo hii jua la Juni na Julai hupita upande wa kaskazini, hivyo upenu wa kaskazini hupata mwanga mzuri katika miezi ile ile tunda linapojaa. Suluhisho bora zaidi ni kibanda kidogo cha bati la plastiki linalopitisha mwanga, kilicho wazi pande zote. Anayeweza kukimudu ameondokana na tatizo. Asiyeweza ahamishe chungu kulingana na majira.

Uzito wa chombo na wa madumu

Kuhamisha ni rahisi kusema. Ndoo ya lita 20 hubebeka, lakini inautosha mkomamanga mwaka mmoja au miwili tu, kisha mizizi inajizungusha na mmea unadumaa. Pipa la lita 200 likikatwa katikati hutoa vyombo viwili vizuri vya lita 100, lakini kimoja kikijaa udongo uliolowa kinapita kilo 100, na hapo uhamaji umekwisha. Chombo cha lita 40 hadi 50, kinachobebwa na watu wawili, ndicho chenye uwiano wa kuridhisha, kwa sharti kwamba kila baada ya miaka miwili mmea utolewe, mizizi ya pembeni ikatwe kidogo na udongo ubadilishwe. Matobo ya chini ni ya lazima, na chombo kiinuliwe juu ya mawe, la sivyo mizizi itashuka ardhini na mmea utaanza kunywa maji usiyoyapanga.

Udongo mwekundu wa huku ukiwekwa peke yake kwenye ndoo hugandamana kama tofali. Uchanganywe na mchanga mnene na samadi ya mbuzi au maganda ya kahawa yaliyooza, kwa kiasi kinachokaribiana. Kwa kuwa udongo mwingi wa Kagera una tindikali, kiganja cha majivu ya jikoni mara moja kwa msimu kinasaidia. Zaidi ya hapo kinadhuru. Samadi mbichi, au mbolea ya kukuzia kwa wingi, itakupa majani ya kupigia picha na tunda hata moja hutaliona.

Gharama kubwa zaidi, ambayo haionekani kwenye bei ya mche, ni maji ya kiangazi. Kalenda iliyolikwepesha tunda na masika imelipeleka Juni hadi Agosti, miezi ambayo chemchemi za bondeni hupungua na dumu la lita 20 linapanda mlima kichwani, mara nyingi kichwani kwa mama au mtoto. Chukua lita nne kila baada ya siku moja kwa siku 90: ni lita 180, yaani madumu tisa kwa chombo kimoja. Kwenye joto la Biharamulo huenda ikawa kila siku, madumu 18. Maji ya kuoshea mchele na mboga yanafaa na yanapunguza mzigo huo. Yenye sabuni nyingi ya unga hayafai. Kumwagilia kwa kubahatisha, leo ndoo nzima na kesho kutwa hakuna kitu, kunapasua tunda sawasawa na mvua. Kwa vyombo viwili, kaya inaweza. Kwa vyombo 20 ni madumu 180 au zaidi, na asiye na bomba uani au tangi la kuvunia maji ya bati hapaswi kuyafikiria.

Mizani inakoelemea

Kama biashara, ndoo haina utetezi. Mmea wa lita 50 ukitoa matunda kumi kwa msimu umefanya vizuri, na msimu wa kwanza wa kuzaa inafaa kuuachia matatu au manne tu ili matawi yasielemewe. Madumu na jasho vikihesabiwa, tunda hilo ni ghali kuliko la dukani. Anayelenga soko apande ardhini, apande miti mingi, na atafute njia ya kuifunika au kuipangia maua.

Kwa mpangaji, kwa mtumishi anayesubiri barua ya uhamisho, kwa mwenye uwanja wa saruji, chombo ndiyo njia pekee na ni njia nzuri, ilimradi afuate kalenda na awe na maji ya uhakika. Vidung'ata na vidukari vitakuja, kwa kawaida vikifuatana na sisimizi. Kwenye mmea mmoja vinaoshwa kwa maji ya sabuni ya mche, na huo ni unafuu ambao mwenye shamba hana. Avune tunda likiwa limeanza kuwa na pembe ubavuni na likigongwa linalia kwa sauti ya ukavu. Likichumwa changa halitaongeza utamu kabatini.

Mwenye kiwanja chake Rulenge au Nyakahura, aliye mbali na bomba, achimbe shimo. Nikilazimishwa kuchagua kwa ajili ya kaya nyingi za vijijini katika wilaya hizi, ningechagua shimo, kwa sababu ya madumu yale tisa. Na mwenye vyote viwili, ardhi na upenu, ana nafasi ambayo wanaobishana hawana: akate vijiti viwili kutoka mti mmoja, kimoja akiweke kwenye chombo na kingine ardhini, wiki ile ile. Ni mmea ule ule kwa kila sifa, na tofauti yoyote itakayoonekana mwaka wa tatu itakuwa imeletwa na mahali na maji.